Jicho Lililolala Kikombeni

Walimtoa Mkaguzi Levina Mihayo katika nyumba ya msiba kwa adabu iliyouma kuliko matusi. Hakuna aliyemshika mkono, hakuna aliyepaza sauti. Mzee Eustace Mhoja, mdogo wa marehemu, alisimama mlangoni mwa chumba ilimolazwa maiti akamwonyesha ua kwa kidevu, na wanaume waliokuwa nyuma yake wakasogea huku na huku wakimwachia njia nyembamba, kama watu wanavyompisha mbwa ambaye mwenyewe hajulikani.

"Umeona ulichotaka kuona, Afande," alisema Eustace. "Sasa tuachie mtu wetu. Saa tisa tunazika."

"Shikamoo yangu bado hujaipokea, Mzee."

"Shikamoo ya polisi inapokewa kituoni."

Waliokaa chini ya turubai walicheka kwa pua. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu akageukia Kinyamwezi, akamwambia jirani yake kwamba mwanamke huyu lazima amekosa mume wa kumpikia, ndiyo maana anazurura na maiti za watu. Levina, aliyezaliwa na kukulia Kigwa, akamjibu kwa Kinyamwezi hichohicho kwamba mume anaye, na chakula chake amekiacha jikoni kimefunikwa. Kicheko kikakatika. Hakuna aliyemkaribisha kwa sababu ya lugha. Walimchukia zaidi, kwa kuwa sasa hata mahali pa kumsengenyea hapakubaki.

"Na hicho mlichobeba," alisema Eustace akiitazama bahasha ya kaki mikononi mwa Koplo Sylvester, "kirudi kabla ya jeneza kufungwa. Ukoo huu hauziki mtu pungufu."

Ndani ya bahasha ile kulikuwa na kikombe cha bati cha bluu na jicho la bandia.

Yale ambayo Levina alikuwa ameyaona chumbani kabla ya kutolewa hayakuwa mengi, lakini aliyashika vizuri. Mzee Mathias Mhoja, fundi mstaafu wa karakana ya reli, mkazi wa mjini Tabora, alikuwa amekuja hapa Kwihara kuzungumza na mdogo wake habari ya shamba la baba yao. Asubuhi alikutwa kitandani amekwisha kufa. Mganga wa zahanati alipita, akauliza kama alikuwa na presha, akaambiwa ndiyo, akasema basi. Maiti ilikuwa imeoshwa na chumba kimefagiliwa. Kilinuka sabuni na kafuri, hata harufu nyingine isingepata pa kukaa. Kope za kushoto zilikuwa zimebonyea juu ya tundu tupu. Levina alipozifunua za kulia, kabla Eustace hajamwahi mkono, aliona vitone vyekundu vimetapakaa kwenye weupe wa jicho, vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano. Aliwahi kuviona vitone vya namna hiyo kwa watu waliozibwa pumzi. Aliwahi kuviona pia, mara chache, kwa watu waliokufa kifo chao.

Kikombe kilikuwa kwenye kigoda kando ya kitanda. Kilikuwa kikavu, na jicho lilitulia kwenye kitako chake, juu ya kitambaa cheupe kilichokunjwa kwa uangalifu, likitazama dari.

Josepha, binti wa marehemu, alikuwa amesimama peke yake kwenye ua wa minyaa. Yeye ndiye aliyewaita polisi, na tangu hapo shangazi zake walikuwa wamehamisha mkeka wao ili asiketi karibu nao. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini; baba yake aliishi kwake.

"Wameniambia polisi wakiondoka mikono mitupu, sitatupa udongo kwenye kaburi la baba yangu," alisema. "Na nisikanyage tena hapa."

"Nani kasema?"

"Baba mdogo kasema. Wengine wameitikia."

"Niambie tena ulichoniambia kwenye simu. Polepole."

"Baba halivui jicho usiku. Analala nalo. Nimekaa naye tangu mama afariki, Afande. Hata akiugua nikaingia kumpa dawa usiku, ninalikuta mahali pake. Analitoa mara mojamoja, mchana, analiosha kiganjani kwa maji na sabuni, analirudisha hapohapo. Kikombe hana. Hajawahi kuwa nacho."

"Umemwambia nani mwingine?"

"Nani atanisikiliza? Watasema mtoto wa kike amejuaje ya chumbani kwa baba yake."

"Basi usimwambie mtu. Hata shangazi."

Aliyetoka kuwafungulia lango alikuwa Recheli, mke wa Eustace, mwenye kanga kiunoni na macho yaliyovimba. "Chumba nimekifagia mimi kwa mkono wangu," alimwambia Levina, "na vyombo nimeviondoa mimi. Kama kuna mchawi unayemtafuta, andika jina langu. Halafu mtuache tulie."

Mkuu wake kazini alikuwa amemweleza Levina jambo moja tu, bila kumung'unya: apate sababu ya kumshawishi daktari aipasue maiti kabla haijaingia ardhini, la sivyo arudi Kwihara akaombe radhi mbele ya ukoo mzima. Kumfukua mtu baadaye lilikuwa jambo la mahakama, la miezi, na udongo haukai kungoja.

*

Josepha alimshuku mtu mmoja: Gulamali, mwuza vifaa vya ujenzi mjini, aliyekuwa amefika Kwihara jana jioni na kuondoka baada ya makelele. Walimkuta dukani akipima misumari. Hakuinua uso.

"Nilikuwa nawangoja," alisema. "Mtu akifa na Gulamali alimtembelea, basi ni Gulamali. Tangu babu yangu anauza kanga mtaa huu ndivyo ilivyo. Kaeni. Au simameni, kama mmekuja kunichukua."

"Ulikwenda Kwihara kufanya nini?"

"Nilialikwa. Koplo, andika hivyo: alialikwa. Eustace aliniambia ukoo umekubali kuniuzia kile kipande cha kando ya njia ya zamani, ile ya misafara. Watalii wanakuja kuangalia tembe la makumbusho, wanakosa pa kulala, nilitaka kuwajengea. Nafika, nakuta ukoo haujakubali chochote. Kaka mtu amekaa kwenye kiti kama hakimu. Ananiambia baba yake amelala pale, na hataki wageni wakaanike chupi zao juu ya kaburi la baba yake."

Koplo Sylvester, mtu mzima aliyebakiza kidogo kustaafu, alitazama pembeni ili asicheke.

"Ukafanya nini?" aliuliza Levina.

"Nikanywa chai yangu, nikaondoka. Ni kiwanja tu, Afande. Viwanja Tabora havijaisha."

"Watu walisikia makelele."

"Ya Eustace. Alikuwa anamfokea kaka yake mbele ya mgeni, mpaka mimi nikaona aibu. Mwenyewe Mathias hakufoka. Alinisindikiza mpaka kwenye gari, akanikazia macho yote mawili, akasema: 'Kwa jambo hili usirudi. Kwa chai, karibu.'"

"Macho yote mawili?"

"Ulitaka anikazie mangapi?"

"La kushoto lilikuwa la bandia."

Mkono wa Gulamali ulisimama juu ya mizani. Kwa mara ya kwanza alimtazama Levina usoni, akitafuta mtego ulipo. "Mathias? Nimemuuzia misumari miaka yote hii. Lilikuwa linageuka, Afande. Ukisogea hivi, linakufuata." Kisha hasira ikamrudia, kana kwamba amedanganywa na marehemu na polisi kwa pamoja. "Na hilo nalo mtasema nimeiba? Kutoka pale nilikwenda harusini kwa mpwa wangu Nargis, nikakaa hadi watu walipofagia ukumbi. Nusu ya mji huu ina picha yangu nikicheza vibaya. Nendeni mkaangalie."

Nje, juani, Sylvester alifungua mlango wa gari akaacha joto litoke.

"Huyu hayumo," alisema.

"Hayumo. Hakujua hata kama kuna jicho la kuvua."

"Huenda lilichomoka lenyewe, Afande, wakati mtu anamkandamiza mto usoni."

"Nami naona lilichomoka. Lakini fikiri, Koplo. Wewe umemwua mtu gizani, mara jicho linadondoka kitandani. Unafanya nini?"

"Mimi? Natimua mbio mpaka Sikonge."

"Huyu hakutimua. Alilitafutia kikombe, akakunja na kitambaa chini. Kwake lilikuwa jambo la kawaida."

*

Maabara ya Kruti, mchonga meno na macho ya bandia, ilikuwa nyuma ya mtaa wa maduka. Rafu zake zilijaa mataya ya plasta yaliyopangwa yakikenua, na kwenye trei moja, juu ya pamba, macho manne ya kahawia yalisubiri wenyewe. Kruti alikuwa amesomea kazi hiyo nje ya nchi na kuirithi kwa marehemu baba yake, Jignesh. Hakuwapa wageni viti.

"Mara ya mwisho polisi mlipoingia hapa mlichukua jiko langu la gesi kama kielelezo," alisema. "Bado nalingoja."

"Nitaliulizia."

"Hata waliolichukua walisema wataliulizia."

Levina aliweka mfuko wa nailoni mezani. Kruti alivaa glavu, akalitoa jicho, akalipeleka chini ya taa na lenzi. Alipolitambua, ukali wake ukapata mtu mwingine wa kumwelekea.

"Hili ni la Mzee Mathias. Nani amelifanyia hivi?"

"Limefanyiwa nini?"

"Angalia mwenyewe."

Kwa macho matupu lilikuwa jicho zuri la kahawia, na vimishipa vyekundu vya uzi wa hariri kwenye weupe wake. Chini ya lenzi, uso wake wote ulikuwa na nyufa nyembamba zilizosukana kama utando wa buibui, na mboni ilikuwa na ukungu.

"Mwezi uliopita nimeling'arisha hapa," alisema Kruti. "Lilitoka laini kama yai lililomenywa. Hizi nyufa ni mpya, na zinaletwa na spiriti. Hii ni plastiki ileile ya meno ya bandia. Ukiilaza ndani ya spiriti inachanikachanika hivi. Mathias alilijua hilo. Baba alimwambia siku ya kwanza, mimi nimemrudia kila mwaka. Maji na sabuni, basi. Na usiku, lala nalo."

"Kila mwenye jicho la bandia hulala nalo?"

"Wa siku hizi, wengi. Wa zamani, hapana." Kruti alilirudisha jicho mfukoni taratibu. "Zamani yalikuwa ya kioo. Wajerumani ndio waliokuwa mabingwa wake. Walikipuliza kioo kwenye moto kama povu, na siri ya kazi walirithishana baba kwa mwana. Lakini jicho la kioo ni ganda jembamba. Likidondoka limekwisha. Likitoka kwenye baridi likakutana na joto, linaweza kupasuka. Machozi yenyewe yanalila, linakuwa na mikwaruzo, linachubua ndani. Kwa hiyo watu walilivua kila jioni wakalilaza kikombeni. Na kwa kuwa kioo hakidhuriwi na spiriti, wapo walioliosha kwa spiriti. Halafu vikaja vile vita vikuu vya pili. Kioo cha Ujerumani hakikutoka tena, askari waliopoteza macho wakawa wengi, na majeshi yakabaki na mafundi wa meno wenye plastiki yao. Wakajaribu. Ndiyo maana hadi leo mimi mchonga meno ndiye mchonga macho."

"Mtu mmoja ameniambia hili lilikuwa linageuka."

"Hiyo ni kazi ya daktari, si ya baba yangu. Mathias alirukiwa na kipande cha chuma pale karakana. Ajali ya namna ile madaktari hawaiachi ikae, maana jeraha baya la jicho moja linaweza kuliponza hata lile zima, mtu akabaki kipofu wa yote mawili. Wengi waling'oa jicho lote na kuukata mshipa wake. Hapo bandia inakaa imeduwaa. Aliyempasua Mathias alichota vya ndani tu, akaacha ganda jeupe na misuli yake. Misuli ikivuta ganda, na bandia inafuata." Akavua glavu. "Aliringia sana jambo hilo. Alipenda watu wasijue."

Levina alisubiri. Alikuwa amejifunza kwamba mtu aliyeanza kumkumbuka marehemu hapaswi kukatizwa.

"Siku ya kwanza," alisema Kruti, "mimi nilikuwa msichana, nimekaa palepale uliposimama. Mathias alimuuliza baba anunue kikombe cha aina gani. Baba akacheka, akamwambia cha chai. Ndipo akatueleza kwamba baba yake mzazi alirudi kutoka vita vya Burma na jicho la kioo, na nyumbani kwao kila jioni mmoja wa watoto alimshikia mzee kikombe."

"Mathias mwenyewe?"

"Hapana. Yeye alikuwa bweni, kisha akaajiriwa reli. Alisikia habari za kikombe kuliko alivyokiona. Ndiyo maana aliuliza."

"Hakumtaja huyo mtoto?"

"Kama alimtaja, sikumbuki. Na sasa, Afande, jiko langu lina namba iliyopigwa kwa nyundo kwenye mguu. Usije ukaniletea la mtu mwingine."

*

Walipofika Kwihara kwaya ya Moravian ilikuwa inaimba na jeneza limekwisha kutolewa uani. Kaburi lilichimbwa hatua chache kutoka kaburi la zamani lenye msalaba wa saruji ulioandikwa SABIRI MHOJA. Wachimbaji wawili walikuwa bado ndani, wakisawazisha kingo kwa jembe. Josepha alisimama nyuma ya umati, nje ya kivuli cha turubai, na hapakuwa na mtu aliyesogea kumpa nafasi.

Levina alikuwa na wa kuwachuja. Sabiri Mhoja aliacha watoto wanne: Mathias, dada wawili, na Eustace kitindamimba. Dada wote wawili walilala chini ya paa lile usiku uliopita. Recheli naye alilala humo, na kwa kauli yake mwenyewe ndiye aliyegusa vyombo.

Eustace aliliona gari kabla ya wote. Alimfanyia ishara Mchungaji Amon angoje, akapiga hatua mbili mbele.

"Umeleta jicho letu?"

"Nimelileta."

"Leta hapa."

"Mzee Eustace," alisema Levina, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuja kuomba, "kabla sijawakabidhi, nina swali dogo. Tumelitembeza juani siku nzima. Sitaki mniambie baadaye nimeliharibu. Marehemu alikuwa analitunzaje?"

Mchungaji Amon alikunja Biblia juu ya kidole chake. "Afande, ibada inaendelea."

"Dakika moja, Baba Mchungaji. Wamesema wenyewe hawaziki mtu pungufu."

Minong'ono ikapita kwenye umati, nusu ya kumkubalia. Levina aliwageukia dada wa marehemu. "Labda shangazi mmoja atanielekeza."

"Sisi tutajuaje?" alijibu mkubwa wao, Adelina, kwa karaha. "Sisi tuliolewa tungali wasichana. Mambo ya jicho ulizia wanaume."

"Mama Recheli?"

"Nimeolewa hapa baba mkwe amekwisha kufa. Shemeji sijawahi kumwona akilitoa. Uliza mwenye nyumba, usitushikilie jeneza juani."

"Ni kazi rahisi," alisema Eustace. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfanya awe mwalimu. "Hata mtoto angekufundisha. Kwanza, haliwekwi kwenye maji. Maji yanalitia utelezi. Unaliweka kwenye spiriti. Kikombe kiwe cha bati, na chini utandike kitambaa cheupe kilichokunjwa mara nne, lisigonge. Juu unafunika kisahani, inzi asiingie. Asubuhi unalisuuza, halafu unalishika kwanza kiganjani mpaka lipate moto wa mwili, ndipo unampa alivae. Kioo cha baridi kinamuumiza."

Alipofika hapo sauti yake ilikuwa imelainika bila yeye kujua, na kiganja chake cha kulia kilikuwa kimejikunja kushika kitu kisichokuwapo.

"Kioo," alisema Levina.

"Kioo."

"Nani alikufundisha, Mzee?"

"Baba. Aliyelala hapo." Alielekeza kidole kwenye msalaba wa saruji. "Nimemshikia kikombe chake tangu sijaota meno ya ukubwani mpaka siku tuliyomzika. Hawa wote walikuwa hawapo. Huyu tunayemzika leo alikuwa bweni, akaja akawa reli, anakuja sikukuu na mkate. Mimi ndiye niliyebaki na mzee na shamba la mzee. Halafu anakuja kunipangia."

"Na Mzee Mathias alifanya vivyo hivyo? Kila usiku?"

"Kila usiku. Jana nimemwona kwa macho yangu. Amelivua, amelitia kwenye spiriti, amelifunika, amelala. Umeridhika? Leta."

Levina hakuutoa mkono wenye bahasha. Aliutoa mwingine, akamwita Josepha. Umati ulilazimika kufunguka ili apite.

"Mwalimu, waambie baba yako alilala vipi."

"Alilala nalo," alisema Josepha. "Tangu alipowekewa. Daktari na fundi walimkataza kulivua usiku."

"Mwongo huyo," alisema Eustace. "Anataka shamba."

"Basi tumwache yeye, tulitazame jicho." Levina aliuinua mfuko wa nailoni juu kidogo, waliokuwa karibu wapate kuona ule ukungu uliofunika mboni. "Hili si kioo, Mzee Eustace. Ni plastiki. Ya baba yako ilikuwa kioo, nayo spiriti haikuifanya kitu. Hii inapasuka. Fundi wake amelitazama leo kwa lenzi. Mwezi uliopita lilikuwa safi, sasa lote lina nyufa. Kama marehemu angelitia kwenye spiriti kila usiku, lingekwisha haribika tangu ujana wake. Limelazwa humo usiku mmoja tu, na wewe umetuambia umemwona akililaza mwenyewe."

Kwaya ilikuwa imenyamaza. Mmoja wa wachimbaji alijiegemeza kwenye jembe, kichwa chake tu kikionekana juu ya ardhi.

"Aliyemfunika kaka yako kwa mto alimkandamiza mpaka jicho likachomoka," aliendelea Levina, bila kuongeza sauti. "Kulirudisha hakujua. Lakini aliwahi kuona jicho linavyolazwa. Katika nyumba yenu ni mtu mmoja tu aliyeona."

"Maneno," alisema Eustace. "Maneno ya mjini. Mchungaji, endelea."

Mchungaji Amon hakufungua Biblia.

"Kikombe nilikimwaga mimi," alisema Recheli.

Hakumwambia Levina, alimwambia mumewe, huku ameshika ncha ya kanga kwa mikono miwili. "Asubuhi, nilipokuwa natayarisha chumba waje kumwosha. Kilinuka spiriti. Nikadhani ni dawa yake. Nikamwaga nje, jicho nikaliacha humohumo kwa kuliogopa. Chupa ya spiriti iko kwenye kabati letu, Baba Yustina. Ufunguo unao wewe."

Eustace alimgeukia mkewe. Mkono wake ulikwenda kwenye mfuko wa koti, ukagusa kitu ndani, ukatoka mtupu. Koplo Sylvester alikuwa amekwisha kusogea ubavuni pake, bila haraka, kama mtu anayetafuta kivuli.

"Mwili utakwenda hospitali ya mkoa kwa daktari," alisema Levina. "Mtarudishiwa. Baba Mchungaji, naomba waliobeba jeneza walipeleke kwenye gari."

Kwa kitambo hakuna aliyetii. Kisha Mchungaji Amon akainama juu ya shimo, akawaambia wachimbaji watoke. Walitoka mmoja baada ya mwingine, wakipigwa tafu na haohao waliokuwa wakimcheka mkaguzi asubuhi. Mzee mwenye kofia ya sufu ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika mpini wa jeneza. Shangazi Adelina aliukunja mkeka wake, akautandika upya, akaacha nafasi pembeni. Josepha aliuona, asikae.

Sylvester alifunga pingu kwa namna aliyozoea kuwafungia wazee, mikono ikiwa mbele. Walipopita karibu na Josepha, Eustace alisimama. Uso wake haukuwa na majuto, wala haukuwa tena na hasira. Ulikuwa wa mtu aliyepigiwa hesabu ikatoka jibu asilolitegemea.

"Alikuwa analala nalo?" aliuliza. "Miaka yote hiyo?"

"Miaka yote, baba mdogo."

"Hakuniambia."

"Hukumuuliza," alisema Josepha. Akaokota donge la udongo kutoka kwenye lundo jipya, akalishika kiganjani, akafuata jeneza la baba yake kwenye gari.